"Saizi yako haipo, dada": nguo, vipimo na miili yetu (Sehemu ya 4)

Nimetoka zamu miguu inawaka moto, lakini niliahidi Sehemu ya 4 leo na ahadi ni deni. Kama unanyonyesha endelea kunyonyesha, hii ni ndefu kidogo.

Sehemu ya 3 tuliongelea kitovu cha mtoto. Baada ya hapo mama mmoja akaniandikia pembeni jambo ambalo halikuhusu kitovu kabisa. Ana mtoto wa wiki tisa. Akasema, "Sista, chanjo ya wiki sita sikwenda. Sina nguo inayonitosha. Nina dera moja, nililitokea hospitali, nikaendea nalo kanisani, nikiendea nalo na kliniki watanicheka." Nikasoma mara mbili. Mtoto amekosa chanjo, mama hajaangaliwa presha wala mshono, na sababu ni gauni. Sikumgombeza. Mimi mwenyewe ni bonge, navaa namba 22 tukipatana na mwenye duka na 24 tukigombana, na najua anachokisema.

Kwa hiyo homa ya mtoto itasubiri wiki ijayo. Leo tuongelee nguo. Na mnanijua napenda historia, basi tuanzie mbali kidogo.

Anza na wodi ya wazazi. Mama akiingia leba tunamwambia toa nguo zako, funga kanga. Mke wa mkubwa, muuza mboga, binti wa miaka 19, mama wa kilo 50 na mama wa kilo 120, wote ni kanga. Sijawahi kusikia mama analalamika leba kwamba kanga haimtoshi (wanalalamika mengine, mnayajua). Shida inaanza siku ya kuruhusiwa. Anafungua begi, anatoa gauni alilolipenda kabla ya mimba. Zipu inapanda mpaka katikati ya mgongo inagoma. Nimemwona mama aliyezaa bila kutoa hata chozi, akalia kwa sababu ya zipu. Na hapo kizazi chenyewe bado kiko usawa wa kitovu, kinahitaji kama wiki 6 kurudi kilipokuwa. Nani alimwambia gauni lile lingemtosha siku ya pili?

Sasa hiyo kanga ilitoka wapi? Kabla yake, kitambaa kilichotamba pwani yetu ni merikani. Jina linajieleza, ilikuwa pamba iliyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, Marekani, ikaletwa Unguja na meli za wafanyabiashara wa Salem. Wamarekani waliwekeana mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 wakaweka mwakilishi wao Unguja. Merikani iliyotiwa rangi nzito ya nili ndiyo kaniki. Watumwa wengi walivaa hizo mbili, kipande cha kujifunga, basi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikakausha pamba yao, vitambaa vya Uingereza na India vikaingia kwa nguvu.

Karne ile ikielekea mwisho, wanawake wa mijini walikuwa wananunua leso, vile vitambaa vya mraba, neno lenyewe ni la Kireno. Ziliuzwa zikiwa zimeungana kwenye jora. Wanakata sita, wanashona tatu juu tatu chini, wanapata vazi moja kubwa. Hebu fikiria, hawakusubiri duka liwaletee. Kipande kimoja kidogo, wakaunga. Wafanyabiashara wakaona biashara hiyo, wakaanza kuagiza kipande kizima kilichochapishwa, na kwa sababu ya madoadoa yake kikaitwa jina la ndege, kanga. Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara mwaka 1887, na ile chapa ya Mali ya Abdulla mpaka leo unaikuta pembeni mwa kanga. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakaikimbilia kanga. Ilikuwa ni namna ya kusema mimi sasa ni mtu wa mji kama wewe.

Na haikuwa na namba. Ilikuwa na doti, vipande viwili, kimoja karibu mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Mwembamba anajizungusha mara mbili, mnene anajizungusha mara moja na kidogo. Ila tuwe wakweli, na kanga nayo ina mpaka. Ukiwa na nyonga za sentimita 130, kinachobaki cha kupishana ni kama sentimita 20, ndiyo maana utaona mama wa mwili anatembea ameshika pembe ya kanga kwa mkono, upepo wa baharini haumwamini. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anaunga kipande cha tatu pembeni. Nadhani wale wa leso sita wangemwelewa vizuri sana.

Kuna kitambaa kingine nataka ukijue, maana wazazi wapya mnaniuliza sana habari za kufunga tumbo. Kinaitwa mkaja. Ni kitambaa ambacho mwanamke wa pwani alifungwa kiunoni baada ya kujifungua. Na ni jina hilohilo la zawadi anayopewa mama wa bibi harusi wakati binti yake anaolewa. Umeiona hiyo? Wazee waliona tumbo lililobeba lina heshima yake, ikapewa jina kwenye mahari. Siku hizi mnauziwa mikanda ya kubana mtandaoni kwa maneno ya kuwatisha. Kitaalamu nakwambia hivi: kufunga kidogo kwa kujisikia umeshikwa mgongo si vibaya. Kubana mpaka unashindwa kupumua hakuyeyushi mafuta, kunasukuma nyonga chini, na kama umefanyiwa upasuaji usifunge kitu juu ya mshono bila kumuuliza aliyekupasua.

Turudi kwenye vipimo. Unataka kujua kipimo cha zamani cha mwanamke mnene wa nchi hii kilichobaki kwenye maandishi? Kipo. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akitafuta chanzo cha Mto Nile, alifika Karagwe kwa mfalme Rumanika, huko ambako leo ni mkoa wa Kagera. Akakuta wanawake wa ukoo wa kifalme wananeneshwa kwa maziwa, na unene ndio uzuri. Akatamani kumpima mmoja, shemeji yake mfalme. Mama yule hakukubali hivihivi. Speke ilibidi na yeye amwonyeshe miguu na mikono yake mitupu kwanza, ndipo akaruhusiwa. (Hapo nacheka kila nikikumbuka. Haki sawa!) Akaandika kwenye kitabu chake: kifua futi 4 na inchi 4, mkono futi 1 na inchi 11, paja futi 2 na inchi 7, urefu futi 5 na inchi 8. Vipimo vimeandikwa, jina la mama halikuandikwa.

Sisemi turudi Karagwe. Mama yule alikuwa hawezi kusimama, alikwenda kwa mikono na magoti, na Speke anasimulia binti yake wa miaka 16 akinyweshwa maziwa huku baba ameshika fimbo. Mimi ni nesi, siwezi kuita hiyo afya. Ninachotaka uone ni kile kifua cha inchi 52. Leo hicho ni kifua cha mama niliyepanda naye daladala asubuhi, anatembea, amebeba mtoto, anawahi kazini. Utafiti wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta wanawake 28 kati ya 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wana uzito uliozidi. Zaidi ya robo yetu! Halafu tunaingia dukani tunaambiwa saizi yetu haipo, kama vile tumeshuka kutoka mwezini.

Hizo saizi zenyewe zilitoka wapi basi? Hapa ndipo ninapotaka ukae sawa.

Mwaka 1904 New York kulikuwa na fundi cherehani, mhamiaji kutoka Lithuania, anaitwa Lena Bryant. Mume alifariki akamwachia mtoto mchanga. Akafungua duka lake mwaka ule, na benki wakakosea kuandika jina lake wakaandika Lane, akaliacha hivyohivyo. Nguo iliyomtoa ni gauni la mjamzito. Kabla ya hapo mjamzito wa kule alikuwa anafichwa ndani, hakuna duka linalomuuzia nguo ya kutokea. Baadaye mume wake wa pili, Albert Malsin, ambaye alikuwa mhandisi, akachukua vipimo vya wateja wao wanawake kama 4,500, akagundua kwamba wanene hawafanani. Kuna mnene wa kifua, kuna mnene wa nyonga, kuna mnene wa sawasawa. Wakawashonea wote. Miaka ya 1920 nguo za wanene zilikuwa zinauzwa kuliko hata zile za wajawazito. Kwa hiyo duka kubwa la kwanza la mabonge duniani lilianzia kwa mama mwenye mtoto mchanga na cherehani. Mimi hiyo nimeipenda.

Lakini si yeye aliyepanga namba. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya Marekani ililipia upimaji wa wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili viwanda vipate saizi za kufanana. Matokeo yakachapishwa mwaka 1941. Na wanawake wasio wazungu, hata walipopimwa, vipimo vyao havikuingizwa kwenye hesabu. Soma tena hiyo sentensi mama. Mwaka 1958 yakatoka maelekezo rasmi ya saizi, yakitegemea upimaji huo. Mwaka 1983 yakafutwa, na tangu hapo kila kiwanda kinajipangia. Ndiyo maana una gauni namba 16 linakupwaya na jingine namba 20 linakataa kupita mabegani. Umelala namba moja ukaamka nyingine? Hapana. Walioandika ni watu tofauti, na aliyeanza hakukuhesabu.

Kwetu namba zilichelewa. Wakati wa bibi zetu gauni lilikuwa la fundi barazani. Anakupima, anaandika kwenye kidaftari, unarudi Jumamosi. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kikafunguliwa pale Ubungo kwa msaada wa China, tukawa na khanga na vitenge vyetu wenyewe, na bado ukinunua unampelekea fundi. Mwaka huohuo, Oktoba, Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 marufuku sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na krimu za kujichubua. Hata kabla ya tarehe kufika, vijana walishaanza kuwashambulia wanawake Kariakoo. Mimi nikisoma habari hizo najiuliza swali la bonge: kipimo cha "kubana" kilikuwa nini? Kwa sababu gauni lilelile kwa mwembamba ni la heshima, kwangu mimi wanasema limenibana. Mtindo huo haujaisha. Sare ya send-off ikigawiwa, mwenzangu na mimi tumepewa mshono mmoja, yeye anaambiwa kapendeza, mimi naitwa pembeni na shangazi kuulizwa kama sina mtandio.

Halafu ikaja shida. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na mafuta kupanda bei, fedha za kigeni ziliisha. Mama yangu anasimulia kanga ilikuwa ya foleni, unapewa rangi iliyopo, hakuna cha kuchagua. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa. Miaka iliyofuata mitumba ikafurika. Watu wakaipa jina "kafa Ulaya", maana nani mzima angetoa koti zuri vile? Watu wakacheka, wakavaa.

Na hapa nitasema kitu ambacho wapenda viwanda vya ndani hawatakipenda. Mitumba ilituokoa mabonge. Nguo inatoka kwa wanawake wa Marekani na Ulaya, wengi wao wana miili kama yetu, belo likifunguliwa unakuta 20, 24, mpaka 28. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba ipunguzwe mpaka ikome ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya soko lake. Tanzania na Uganda zikalegeza, Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Najua hoja ya viwanda na naiheshimu, Urafiki ni jirani yangu. Ila kwenye mijadala ile sikusikia mtu anauliza: mkiifunga mitumba, nani atamshonea mwenye kifua cha inchi 52, na kwa bei gani?

Njoo Mwenge sasa, maana ndipo ninaponunulia. Wageni wanaijua kwa vinyago, sisi tunaijua kwa nguo. Jioni ukitokea barabara ya Sam Nujoma, wauzaji wanaita, "Saizi yako ipo dada, za mabonge hizi!" Wengine watachukia. Mimi naenda, kwa sababu anayeniita bonge ameniona. Kinachoniuma ni kingine. Kaa dakika kumi karibu na wale mafundi wenye vyerehani pembeni. Gauni zuri namba 24, kitambaa kizito, linanunuliwa na binti mwembamba, linakatwa pale pale linakuwa namba 10. Kitambaa changu kinaanguka chini vipandevipande! Wakati huohuo duka la nguo mpya linakuletea XXL ya China ambayo ni M ya Mwenge. Niliingia duka moja, silitaji, nikashika blauzi tu kwa kuangalia. Muuzaji hakunyanyuka kwenye kiti. Akasema, "Saizi yako haipo mama," na sikuwa nimeuliza.

Zamani ningetoka nimeinamisha kichwa. Siku hizi natembea na tepu ya fundi kwenye pochi, pamoja na kalamu na glavu. Nitakwambia ninavyofanya. Nyumbani jipime ukiwa umesimama na umepumua kawaida, usivute tumbo, tepu haina mtu wa kumdanganya. Pima kifua pale kilipojaa, kiuno, nyonga pale zilipojaa, na mkono wa juu. Mkono wengi wanausahau, na ndiko gauni linakogomea. Kama unanyonyesha, pima kifua kabla ya kunyonyesha, si baada. Andika kwenye simu. Ukifika mezani pa mitumba usisome namba ya shingoni. Tandaza gauni, pima kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili, likizidi kipimo chako kwa inchi 2 au 3 chukua, na kwa anayenyonyesha tafuta la vifungo mbele. Geuza ndani uangalie mshono, kama kuna kitambaa kilichobakizwa fundi anaweza kuachia. Na ukishonesha kitenge, mpe fundi vipimo vya leo. Usimwambie "nitapungua". Utapungua au hutapungua, sherehe ni Jumamosi hii.

Jambo la mwisho la tepu linahusu kazi yangu, tafadhali usilipite. Ule mkanda wa kupimia presha nao una saizi. Wa kawaida wa mtu mzima umetengenezwa kwa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32 hivi. Ukifungwa kwenye mkono mnene zaidi, presha inasoma juu kuliko ilivyo. Mama mjamzito anaweza kuogopeshwa na kifafa cha mimba bure, au akazoea kuambiwa "presha yako huwa iko juu" mpaka siku ikipanda kweli asishtuke. Kwa hiyo kama mkono wako umezidi 32, sema kwa sauti ya kawaida, "Sista, naomba mkanda mkubwa." Kama haupo, mwambie aandike kwamba ametumia mdogo. Huombi upendeleo.

Yule mama wa dera moja tulikutana Mwenge Jumamosi, nikiwa sina zamu. Kifua 47, nyonga 52, mkono 17. Tulizunguka saa moja na nusu, jua kali, mtoto mgongoni amelala. Tukapata gauni la bluu la vifungo, halina hata namba, lebo imekatwa. Shilingi elfu nane, tukashusha mpaka sita. Kliniki alikwenda Jumatatu. Mtoto kachanjwa, kalia, kanyonya, kalala. Presha ya mama ilipimwa kwa mkanda mkubwa, alinitumia picha ya kadi.

Sehemu ya 5 ni homa ya mtoto baada ya chanjo, kama nilivyoahidi. Ila kabla ya hapo nina ombi. Kama nyumbani kuna kanga ya bibi yako, ile ya zamani iliyokunjwa sandukuni, ipime upana na urefu uniandikie, na uniambie kama nayo imeungwa pembeni.